Ushanga Mwekundu Wenye Moyo Mweupe

Katika maigizo ya historia kwenye ngome ya Fort Union, Marekani, mwanamke aliyevaa gauni refu la pamba na kitambaa kichwani alichovya vidole katika bakuli la mbao, akatoa punje moja ya ushanga na kuniwekea kiganjani. Ulikuwa mwekundu, sawa na punje ya mtama kwa ukubwa. "Uinue juu, uangalie kwenye tundu," aliniambia, "utaona kwamba ndani ni mweupe."

Nilijua hivyo kabla sijauinua.

Mwanangu wa miaka tisa alikuwa pembeni yangu, akitazama mablanketi, visu, vioo vidogo na shehena ya ngozi iliyofungwa kwa kamba. Alimtazama yule mwanamke, akawatazama wanaume waliovaa ngozi ya kulungu huko uani, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza jambo la nyumbani mbele ya wageni: "Baba, wewe ungekuwa nani hapa?"

Sikumjibu. Nilimwambia twende tukamwone mhunzi.

Wiki saba zimepita tangu Jumamosi ile ya Juni, na swali hilo limekuwa likinifuata barabarani, kitandani na mezani. Ninaandika ili nijue ni kitu gani hasa kilichonizuia kumjibu mtoto.

Ngome kwenye makutano ya mito

Ninaishi Williston, mji wa mafuta katika jimbo la North Dakota, na kazi yangu ni kuendesha lori la maji kwenye visima. Fort Union iko kama kilomita 40 kusini-magharibi, karibu na mahali ambapo mto Yellowstone unaingia katika mto Missouri. Nilikuwa nimepita karibu yake mara nyingi nikiwa kazini, na kila mara niliona kuta nyeupe kwa mbali nikajiambia nitakwenda siku nyingine. Anayefika huegesha gari upande wa Montana, kisha hutembea kwa miguu hadi North Dakota ambako ngome imesimama, na kwa kuwa saa za majimbo hayo mawili zinapishana hapo, simu yangu ilibadilisha saa nikiwa njiani.

Ngome unayoiona leo si ile ya zamani. Ile ya kwanza ilianza kujengwa mwaka 1828 na kampuni ya manyoya ya John Jacob Astor, ikafanya biashara hadi mwaka 1867, kisha jeshi likaibomoa na kutumia vifaa vyake kujenga kambi ya Fort Buford, mwendo mfupi kufuata mto. Miaka ya 1980 waakiolojia walichimba hapo, na juu ya misingi ileile ukajengwa upya ukuta wa magogo, minara miwili ya mawe, nyumba ya mkuu wa ngome na nyumba ya biashara. Kila mwaka mwezi Juni hufanyika siku nne za maigizo ya historia. Watu huja na mahema meupe, huwasha moto wa kuni, huvaa, hupika, hufua chuma na kufyatua magobori yasiyo na risasi kama ilivyokuwa miaka ya 1830 na 1840.

Nakiri kwamba ninawaheshimu watu hawa. Nilikwenda nikitarajia kuona tamasha la mavazi, nikakuta mafundi. Mhunzi alimweleza mwanangu kwa nini chuma hupigwa kikiwa na rangi ya chungwa badala ya nyekundu, naye akamwachia avute mivukuto. Mwanamke mmoja alikuwa amewamba ngozi ya nyati wa Marekani, yule anayeitwa baisani, kwenye fremu ya miti, akiikwangua kwa chombo cha mfupa. Alikuwa kwenye ngozi hiyo moja tangu Alhamisi, na Jumamosi mchana ilikuwa bado haijafika nusu ya kazi yake.

Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Wahifadhi wa ngome wanaeleza kwamba katika miaka ya neema zaidi ya ngozi 25,000 za baisani zilipita hapa kwa mwaka. Kila moja ililainishwa kwa mikono ya mwanamke, kwa ubongo wa mnyama, maji, moshi na siku nyingi za kupiga magoti. Biashara ilipokua, mwindaji mwenye farasi mzuri aliweza kuua wanyama wengi kuliko mke mmoja awezavyo kulainisha ngozi zao, na katika baadhi ya jamii za tambarare hizi, hasa Blackfeet, wanaume wenye nguvu wakaongeza wake, wengine wakiwa wasichana wadogo. Jina lililoandikwa kwenye daftari la ngome lilikuwa la mwanamume aliyeleta ngozi.

Kopo la majani ya chai

Nilizaliwa Tabora. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kopo la majani ya chai, la bati, lililokuwa limepoteza maandishi yake, na ndani yake alihifadhi shanga nyekundu zilizoshonwa kwa uzi mweusi. Hakuzivaa. Alizitoa mara chache sana, akazihesabu, akazirudisha.

Siku moja, nikiwa na umri kama wa mwanangu sasa, niliiba punje moja na kuipasua kwa jiwe. Nilitaka kujua kama wekundu ule ulifika mpaka ndani. Nilikuta ndani ni mweupe kama unga. Bibi aliposikia mlio wa jiwe alitoka nje, akaona vipande chini, akaviokota kimoja kimoja na kuvifunga kwenye pindo la kanga. Hakunipiga wala hakunigombeza, na siku ile hakuzungumza na mtu mwingine yeyote hadi jioni.

Basi nilipowekewa ushanga ule kiganjani, huku kando ya mto Missouri, maelfu ya kilomita kutoka Tabora, nilijua nimeshika nini.

Ulikuwa ushanga uleule.

Nimetafuta kujua, na sasa ninaweza kusema kwa hakika kwamba hisia yangu haikunidanganya. Shanga hizi zilitengenezwa Venice kwa kuvika kioo chekundu juu ya kioo cheupe, kwa sababu rangi ile nyekundu ilikuwa ghali, na tabaka jembamba juu ya moyo mweupe lilipunguza gharama huku likiongeza mng'ao. Ziliuzwa kwa mapipa upande wa Atlantiki na upande wa Bahari ya Hindi. Waliochimba Fort Union walizikuta ardhini. Kwetu ziliitwa sami-sami. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Tabora mwaka 1857 akiifuata njia ya misafara, aliandika kwamba zilikuwa na majina mengi, na miongoni mwayo alitaja kimara-pamba, yaani kinachomaliza masurufu, na kivunja-mji.

Kivunja-mji! Burton alieleza kwamba jina hilo lilitokana na wanawake waliozipenda kiasi cha kuwafilisi waume zao. Siamini kwamba hayo ndiyo yote yaliyomo katika neno lile. Watu walioona vijiji vikichomwa kwa ajili ya pembe na watumwa, na wakaona malipo yakija kwa shanga, hawakuhitaji tabia ya wanawake ili kuita ushanga kivunja-mji.

Miaka miwili inayonisumbua

Kuna miaka miwili ambayo sasa siwezi kuitenganisha.

Mwaka 1833, mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakapata njia nyeupe ya kuja Unguja na kitambaa cha pamba ambacho sisi tulikiita merikani na tunakiita hivyo hadi leo. Mwaka huohuo, meli ya mvuke ya kampuni ilikuwa tayari imezoea kupanda Missouri, na mwanamfalme wa Kijerumani, Maximilian wa Wied, alifika Fort Union akiwa na mchoraji Karl Bodmer, ambaye picha zake ndizo zinazowaongoza waigizaji katika kushona mavazi yao.

Mwaka 1837, Richard Waters wa Salem alianza kazi yake Unguja kama balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Mwaka huohuo, mwezi Juni, meli iitwayo St. Peter's ilifika Fort Union ikiwa imebeba bidhaa za mwaka, pamoja na ndui.

Huu ndio uhusiano ambao sikuufikiria nilipokuwa nikisoma ualimu na kukariri sababu na matokeo ya biashara ya masafa marefu. Nilifundishwa kwamba misafara ya Wanyamwezi ilikuwa habari yetu, ya bara na pwani, ya Tabora, Ujiji na Bagamoyo. Kumbe mtu aliyekaa Boston kwenye kigari cha theluji, akijifunika miguu kwa ngozi ya baisani iliyolainishwa na mwanamke wa Assiniboine, kabila la tambarare hizi, alikuwa akirudi kwenye nyumba ambayo huenda ilikuwa na piano yenye vibao vya pembe iliyobebwa begani na Mnyamwezi. Pembe hizo zilikatwa Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, na mji wa pili ulipewa jina lake kutokana na pembe hizohizo. Mwanamke wa mto Missouri na mpagazi wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, hawakujuana kamwe, lakini wote wawili walilipwa kwa shanga za Venice.

Kidirisha

Ngome ilikuwa na milango miwili, wa nje na wa ndani, na kati yake uwazi mfupi. Siku za wasiwasi, mlango wa ndani ulifungwa, na waliokuja kuuza ngozi walifanya biashara kupitia kidirisha kidogo ukutani. Siku za amani, machifu walikaribishwa kwenye chumba cha mapokezi, wakapewa zawadi, wakavuta kiko, wakasikilizana hotuba, ndipo biashara ikaanza. Msomaji wa kwetu ataona hapo hongo, ile ya zamani, kabla neno halijaharibika: kitambaa alichotoa mwenye msafara kwa mtemi ili apite, apate maji na apate kuuziwa chakula.

Ndoa nazo zilifuata mkondo uleule. Alexander Culbertson, mkuu wa Fort Union miaka ya 1840, alimwoa Natawista, binti wa ukoo mkubwa wa Kainai, kabila la jamii ya Blackfeet, na ndoa hiyo ilimfungulia milango ya biashara ambayo fedha peke yake isingeifungua. Kwetu, Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde wa nyumba ya kitemi ya Unyanyembe. Ninapowafikiria Natawista na Karunde ninashindwa kuamua kama walikuwa wametolewa au walikuwa wanawake wenye akili ya siasa waliojua wanachokifanya. Pengine kila mmoja alikuwa yote mawili, kwa siku tofauti.

Katika nyumba ya biashara, mwigizaji alituuliza kama tungependa kujaribu. Alimpa mwanangu kipande cha ngozi, akanikaribisha mimi nyuma ya meza. Nikapanga bei. Nilimwambia mtoto ngozi yake ina tundu, haifiki thamani ya kisu, labda kioo na shanga chache. Watu walicheka kwa wema, mwanangu akabisha, nami nikakaza. Nilikuwa hodari. Nilifurahia uhodari wangu, na nilikuwa bado nikitabasamu nilipotambua jinsi nilivyozoea haraka kusimama upande ule wa meza.

Hakuna aliyenilazimisha. Meza ilikuwa na pande mbili, nami nilikwenda upande wenye bidhaa.

Nafikiri hapo ndipo swali la mtoto lilipozaliwa, kwa sababu aliniuliza dakika chache baadaye, tuliporudi kwenye bakuli la shanga. Alikuwa ameniona nikiwa mtu fulani, na alitaka kujua kama mtu huyo nilikuwa mimi.

Jambo lisiloigizika

Mchana, mhifadhi mmoja alitukusanya kivulini na kutueleza habari ya ndui. Alieleza kwa uaminifu bila kupunguza kitu. Jacob Halsey, aliyekuwa akija kuiongoza ngome, aliugua akiwa melini. Ndani ya ngome hawakuwa na dawa ya chanjo, wakaamua kuwachanja watu, wengi wao wanawake wa kienyeji walioolewa humo, kwa usaha uliotoka kwa mgonjwa mwenyewe. Walifunga milango. Wengi wa waliochanjwa walikufa, na harufu ikawa kubwa. Watu wa Assiniboine walipokuja kufanya biashara waliambiwa warudi, lakini walikuwa wamesafiri mbali na ngozi zao, na ugonjwa ukaondoka nao kwenda makambini. Chini zaidi mtoni, Wamandan, waliokuwa zaidi ya elfu moja na mia tano mwanzoni mwa mwaka, walibaki mia moja na kitu.

Tulikaa kimya. Kisha gobori likalia nje ya ukuta, na watoto wakakimbia kwenda kutazama.

Simlaumu mtu yeyote kwa mlio ule. Ratiba ni ratiba. Lakini tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni sehemu ipi ya mwaka 1837 inayoweza kuvaliwa na kuigizwa. Unaweza kumwigiza mhunzi, mpishi, mpiga zeze, karani na mwindaji. Hakuna anayeweza kuja na hema lake Alhamisi asubuhi ili awe maiti hadi Jumapili. Hakuna anayeweza kuigiza kijiji kisicho na mtu wa kuzika. Kwa hiyo, bila mtu kukusudia uongo, mwaka unaoigizwa huwa siku zote ni mwaka ambao kila mtu ni mzima, bidhaa zimefika na fidla inapigwa.

Ninaendesha lori kila wiki katika ardhi ya Fort Berthold, ambako vizazi vya Wamandan, Wahidatsa na Waarikara waliobaki wanaishi. Mafuta yako chini ya ardhi yao pia. Nimekunywa kahawa New Town mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikazungumza na watu kuhusu bei ya dizeli na barafu barabarani, na sikuwahi kuwaza kwamba ninayezungumza naye yupo duniani kwa sababu mmoja kati ya wale mia moja na kitu aliamka.

Mzee wa Fort Peck

Karibu na mahema alikuwapo mzee mmoja kwenye kiti cha kukunja, amevaa suruali ya kawaida na kofia ya kampuni ya mbegu. Mjukuu wake alikuwa akiuza kazi za mikono. Alinieleza kwamba yeye ni mtu wa Assiniboine kutoka Fort Peck, upande wa Montana, na kwamba huja karibu kila mwaka.

Nilimwuliza kwa nini hakuvaa mavazi ya zamani kama wengine. Alisema watu humwomba avae. "Wao wakivaa, wanakuwa mtu mwingine kwa siku nne," alisema. "Mimi nikivaa, watadhani ndiye mimi."

Nilimsimulia kuhusu kopo la bibi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza bibi yangu alilipwa shanga zile kwa kazi gani, nami nikagundua kwamba sijui. Nilikuwa nimebeba kumbukumbu ya rangi, ya mlio wa jiwe na ya kimya cha mchana mzima, na sikuwahi kuuliza shanga zilitoka wapi.

"Uliza," aliniambia. "Wangapi wamebaki wa kukujibu?"

Kilo thelathini na mbili

Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa Kwihara, nje ya mji wa Tabora, kuliona tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872. Nakumbuka mlango wenye nakshi, ubaridi wa vyumba, na ua wa katikati. Tuliuliza maswali kuhusu Livingstone na Stanley. Hatukuuliza, wala mimi sikuuliza, ni nani aliyeyabeba yale yote hadi pale. Wapagazi tunaowajua kwa majina ni wachache, na Chuma na Susi tunawajua kwa sababu mzigo wao ulikuwa maiti ya Livingstone.

Kwa wiki kadhaa baada ya Fort Union nilikuwa na msimamo mkali. Nilimwambia mke wangu kwamba maigizo ya historia hayafai, kwamba yanaonyesha bidhaa na kuficha gharama, na kwamba ni heri sisi Tabora hatuna siku nne za kujivika umisafara. Nani angekubali kuwa mateka aliyefungwa shingo kwa mti? Nani angethubutu kumwomba mwenzake? Mke wangu alinisikiliza, kisha akaniuliza kama ningekuwa nimekumbuka kopo la bibi bila bakuli la yule mwanamke.

Sikuwa na jibu kwa hilo pia.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na chungu chake, mkeka na chakula. Jioni moja mwezi Julai nilijaza chumvi ya barabarani katika gunia hadi mizani ikasoma kilo 32, nikalitia begani, nikatoka nje. Nilitaka kufika kwenye kituo cha mafuta na kurudi, mwendo usiozidi kilomita tatu. Dakika kumi za kwanza nilihisi nina nguvu. Kisha shingo ikaanza kuelekea upande mmoja yenyewe, pumzi ikawa fupi, na nikaona kwamba sikuwa nikitazama tena anga wala nyumba, nilikuwa nikitazama hatua moja ya ardhi iliyo mbele yangu. Nililitua gunia kabla ya kufika.

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni kama kilomita 800. Wanyamwezi waliiendea njia hiyo kwa maelfu kila mwaka, wengi kwa hiari na kwa fahari, na kijana ambaye hakuwahi kwenda Pwani hakuhesabiwa kuwa amekomaa. Niliyasoma hayo zamani na kuyafundisha. Jioni ile, nikiwa nimekaa juu ya gunia kando ya barabara, niliyajua kwa mahali pengine, katikati ya bega na shingo, na sikuweza tena kusema kwa uhakika uleule kwamba kuigiza hakufundishi kitu. Kulinifundisha uzito. Hakukunifundisha hofu, wala njaa, wala ndui, kwa sababu nyuma yangu ilikuwapo nyumba yenye taa na watoto waliokuwa wakinisubiri kwa chakula.

Simu

Nilimpigia mama Jumapili, baada ya yeye kutoka kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti yako imekuwa ya kufikiri?"

Nilimwuliza kuhusu shanga za bibi. Alinyamaza, nikasikia kuku na mtu akipita na pikipiki. Akasema kopo lipo, kabatini, chini ya vitenge, na shanga zilizobaki hazijai kiganja. Nilimwuliza zilitoka wapi.

"Zilikuwa za mama yake bibi yako," alisema. "Naye alizipata kwa sababu ya baba yake. Alikuwa mtu wa safari. Alikwenda Pwani mara mbili, akarudi. Mara ya tatu wenzake walirudi bila yeye, wakaleta shanga na nguo kidogo, wakasema ni haki yake."

"Alipatwa na nini?"

"Walisema ndui ilimshika njiani. Lakini wapo waliosema alipata mke Bagamoyo akakaa hukohuko, na shanga ni za kuwatuliza watu." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Bibi yako alichagua ndui. Alisema ni afadhali."

Nilimwambia kwamba niliwahi kupasua mojawapo. Alisema anajua, kwamba familia nzima ilijua, na kwamba vile vipande bado vimo ndani ya kopo, vimefungwa kwenye kitambaa. Akaniuliza kama anitumie shanga chache, yupo mtu anasafiri kuja Marekani mwezi wa kumi. Nilitaka kusema ndiyo. Nilimwomba azipige picha kwanza, na anisomee idadi yake, na asimpe mtu hadi nitakapokuja mwenyewe.

Jumatano isiyo na watu

Wiki iliyopita nilirudi Fort Union na mwanangu, siku ya kazi, bila mahema wala waigizaji. Mbayuwayu walikuwa wakiingia na kutoka chini ya paa la nyumba ya mkuu wa ngome. Upepo ulikuwa ukipiga kamba ya bendera kwenye mlingoti, na hakukuwa na sauti nyingine.

Njiani nilikuwa nimemsimulia yote, babu wa bibi yangu, Pwani mara mbili, na zile habari mbili za mara ya tatu. Alitaka kujua ipi ni ya kweli. Nilimwambia kwamba sijui na kwamba bibi alichagua. Akauliza kama na sisi lazima tuchague.

Tulipofika kati ya milango miwili alisimama mbele ya kidirisha, upande wa nje, upande ambao Juni sikuwa nimesimama. Macho yake hayakukifikia, kwa hiyo alininyooshea mikono nimwinue. Nilimwinua. Alichungulia ndani kwa muda, akiwa ameshika kingo kwa mikono yote miwili.

"Baba, kutoka huku huoni bidhaa zote," alisema. "Unaona zile tu anazokuletea."

Nilimshikilia pale hadi mikono ikaanza kuchoka.